Mbuzi wa dola 902

Mwishoni mwa Juni 2022, katika mji wa Anderson kaskazini mwa California, mbuzi aliyeitwa Cedar alipitishwa uwanjani kwenye mnada wa vijana wa Maonyesho ya Wilaya ya Shasta. Aliyemfuga alikuwa mtoto wa kike ambaye hata miaka kumi hajafikisha. Dalali akapandisha bei, namba zikanyanyuliwa, mbuzi akaenda kwa dola 902.

Mtoto akagoma kuachana naye. Mama mtu akamwondoa mbuzi pale, akampeleka mbali, akawaandikia waandaaji kwamba yuko tayari kulipa gharama yoyote wanayodai. Upande wa mnunuzi haukupinga mbuzi aachwe hai. Fungu la waandaaji katika zile 902 lilikuwa asilimia 7, yaani dola 63 na senti 14. Hata hivyo askari wa kaunti walisafiri zaidi ya kilomita 800, kwenda na kurudi, wakiwa na hati ya upekuzi, wakamchukua mbuzi. Akachinjwa. Mwaka 2024 kaunti na ofisi ya sherifu wakakubali maridhiano ya dola 300,000.

Zile dola 63 na senti 14 ndizo zilizonikaa kichwani.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikirudi kwenye hesabu hiyo. Hakuna atumaye askari kilomita 800 kwa dola 63. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikilindwa, na huwezi kukiona mpaka uufuate mnada wenyewe tangu siku mnyama anapovishwa hereni ya utambulisho.

## Kinachouzwa pale

Kila majira ya kiangazi, kaunti nyingi za Marekani hufanya maonyesho ya kilimo, na kilele chake kwa vijana wa klabu za 4-H, zinazofundisha watoto kilimo na stadi nyingine, na wanafunzi wa FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo mashuleni, ni mnada wa mifugo waliyoilea wenyewe: maksai, nguruwe, kondoo, mbuzi, sungura, kuku wa nyama. Mtoto anaingia na mnyama wake, dalali anaimba bei, na ndani ya dakika moja hivi kila kitu kimekwisha.

Wanaonyanyua namba ni benki ya mjini, duka la vyakula vya mifugo, wakala wa bima, muuza magari, fundi wa matrekta. Wengi wao hawana haja ya nyama.

Aliyewahi kukaa nje ya kanisa Jumapili ya mavuno ameshauona mnada huu. Jogoo anayeuzwa sokoni kwa bei inayojulikana anafika mara tatu ya bei hiyo, mnunuzi anamrudisha, ananadiwa tena, na watu wanapiga vigelegele. Hakuna anayedhani bei ya kuku imepanda. Kila mtu pale anajua kwamba jogoo ni kisingizio na kinachofanyika ni changizo.

Mnada wa vijana ni hivyohivyo, ila kwa karatasi. Kwenye maonyesho mengi kiwanda cha nyama huweka bei ya chini mapema, kwa kilo au kwa mnyama, ambayo ndiyo bei halisi ya soko siku hiyo. Mfanyabiashara anayeshinda mnada anaweza kumwachia kiwanda mnyama kwa bei hiyo ya chini, yeye akalipa tofauti tu. Sehemu nyingine hawauzi mnyama kabisa: wananadi ile tofauti peke yake, na mnyama anaelekea kiwandani kwa bei ya kawaida. Halafu kuna nyongeza. Shangazi, jirani au mwalimu anapita ofisini baada ya mnada na kuongeza dola 25 au 50 kwenye jina la mtoto, hadi tarehe ya kufunga hesabu. Kwa biashara nyingi, fedha hizo huingizwa kwenye vitabu kama gharama ya matangazo.

Tofauti na jogoo wa kanisani ni moja, na ni kubwa. Mtoto amemlea mnyama huyu kwa miezi kadhaa, amempa jina, na anaambiwa kwamba hii ni biashara.

## Hesabu ya nguruwe mmoja

Tuchukue nguruwe, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi kufuata. Maonyesho ni tarehe 1 Agosti. Unataka afike mizani akiwa na kilo 125. Unamnunua akiwa na kilo 25, kwa hiyo anadaiwa kilo 100. Nguruwe mwenye afya katika umri huo huongeza kilo 0.85 hivi kwa siku ukichukua wastani wa kipindi chote. Gawanya: siku 118. Maana yake awe bandani kwako kufikia tarehe 5 Aprili, na awe amezaliwa mwishoni mwa Januari.

Kila kilo anayoongeza inakula takriban kilo tatu za chakula. Kilo 100 ni kilo 300 za chakula, na mifuko huko huuzwa ya kilo 22.7, kwa hiyo ni mifuko 13 au 14.

Sasa weka bei za kukadiria. Kitoto cha nguruwe dola 200. Mifuko 13 kwa dola 20, dola 260. Matandiko, dawa ya minyoo, ada ya kuingia na kozi ya lazima ya utunzaji bora, dola 60. Jumla 520. Sokoni, kwa dola 1.40 kwa kilo hai, nguruwe huyo analeta dola 175.

Hasara ya dola 345.

Mnadani anauzwa dola 900. Waandaaji wanakata asilimia 5, zinabaki 855, na mtoto ana faida ya dola 335. Anaandika kwenye daftari lake la mradi kwamba amepata faida. Kwa hesabu ni kweli. Lakini faida yote, na zaidi yake, imetoka kwenye changizo, na daftari nyingi hazina safu ya kuitenganisha fedha ya changizo na fedha ya nguruwe.

Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanzia. Tunasema tunamfundisha mtoto biashara ya ufugaji, kumbe tunamfundisha kwamba nguruwe wa dola 175 ana thamani ya dola 900. Wale wanaoshinda ubingwa wa maonyesho makubwa wanafundishwa zaidi ya hapo: Houston, mwaka 2022, maksai bingwa alinunuliwa kwa dola 1,000,000. Kijana mwenyewe huwekewa kikomo na ziada huenda kwenye mfuko wa elimu, jambo ambalo waandishi wa habari za Facebook hupenda kuliruka.

Dawa ya shaka hii ni safu moja tu ya ziada kwenye daftari. Bei ya soko hapa, changizo pale. Mtoto wa miaka tisa anaelewa.

## Siku ya mizani

Mambo mengi huharibika siku ya kuingia, saa moja asubuhi, kwenye foleni ya magari.

Nguruwe hupoteza uzito njiani. Asilimia mbili hadi nne ni jambo la kawaida, yaani kilo tatu mpaka tano kwa nguruwe wa kilo 125. Kama kima cha chini cha maonyesho ni kilo 105 na wewe umetoka nyumbani na 106, umeshaanguka. Mnyama aliyekosa uzito hapandi mnadani, na changizo linakwenda naye. Ndiyo maana wanaojua hupima kila wiki mbili. Akikua haraka mno wanampunguzia nishati na kumwongezea nyuzinyuzi, kama shayiri au makapi ya kiazisukari. Akichelewa wanaongeza mafuta kwenye chakula na kuhakikisha maji ni baridi, maana nguruwe asiyekunywa hali.

Wanaochelewa sana hushawishika na raktopamini. Ni dawa ya kuchanganywa kwenye chakula ili kujenga misuli, inayoruhusiwa Marekani kwa nguruwe tangu 1999, na hutolewa wiki chache za mwisho. Umoja wa Ulaya na China wameipiga marufuku, na tangu 2019 baadhi ya makampuni makubwa ya nyama ya Marekani yalitangaza kwamba hayapokei nguruwe waliolishwa dawa hiyo. Kwa hiyo maonyesho mengi hudai sahihi ya mzazi kwamba haikutumika. Tatizo jingine linaonekana kwa macho: nguruwe aliyezidishiwa hukakamaa miguu, hutetemeka, na siku ya joto huanguka katikati ya uwanja. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza; ukimwona anahema mdomo wazi, mloweshe maji na umsogeze kwenye feni, usimsukume.

Kondoo wana mtego wao. Chakula cha nguruwe au mbuzi kina madini ya shaba yanayomfaa mnyama huyo na kumuua kondoo, polepole, ini likijaa mpaka siku moja mkojo unakuwa mwekundu. Mifuko isikae pamoja ikiwa watoto ndio wanaolisha. Mnyama mwenye choa kwenye ngozi au vidonda vya mdomo anarudishwa langoni, bila rufaa, kwa sababu maradhi yote mawili huambukiza watu.

Na mbuzi? Mbuzi aliyehasiwa na kulishwa nafaka nyingi hufa kwa mawe kwenye njia ya mkojo, mara nyingi wiki chache kabla ya mnada, wakati analishwa zaidi. Anasimama akijikamua, mkia unachezacheza, matone yanatoka au hayatoki kabisa. Ukiona hivyo ni daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kesho yake umechelewa. Kinga yake inajulikana: kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi kwenye chakula, amoniamu kloraidi nusu ya asilimia, maji safi muda wote, na asihasiwe mapema mno, kwa kuwa mrija wa mkojo haujapanuka. Chanjo ya sumu ya tumbo na pepopunda itolewe mara mbili, wiki tatu au nne zikipita katikati. Kubadili chakula kuchukue siku saba mpaka kumi.

Dawa yoyote iliyotolewa iandikwe na tarehe yake. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na mabaki yakigundulika machinjioni nyama inatupwa.

## Barua ya ukurasa mmoja

Shaka ya pili ilinisumbua zaidi ya ile ya kwanza.

Kwenye changizo, anayechangiwa ni yule anayejulikana. Binti wa mwenye duka la matrekta hupata dola 2,000 kwa nguruwe aliyeshika nafasi ya kumi na moja. Mtoto wa familia iliyohamia mjini mwaka jana, mwenye nguruwe bora kuliko huyo, anaondoka na bei ya chini ya kiwanda na makofi ya adabu. Hakuna aliyedanganya. Mnada umefanya kazi yake sawasawa.

Hili linazihusu familia zetu. Katika miji ya Marekani wapo watoto wa Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu na Wakenya wanaosoma shule zenye FFA, na wazazi wao wengi wamefuga mbuzi maisha yao yote. Ujuzi wa mnyama wanao tele. Jina la familia mdomoni mwa meneja wa benki ndilo hawana.

Njia ya kulipata ni ya kizamani. Wiki tatu au nne kabla ya mnada, mtoto huandika barua ya ukurasa mmoja: jina lake, klabu yake, picha yake na mnyama, uzito anaotarajia, tarehe na saa ya mnada, na atazitumia vipi fedha. Anaipeleka kwa mkono, amevaa vizuri, anamwomba mwenye duka aje siku hiyo. Asiombe fedha, aombe mtu aje. Barua kumi na tano kwa posta hazishindi tano zilizopelekwa kwa miguu. Waulizwe na wale ambao wengine huwasahau: duka la vyakula la Waafrika, mwenye mgahawa, kampuni ya malori ya mjomba, kanisa, msikiti. Na wazazi waijue ile nyongeza ya baada ya mnada, kwa sababu watu ishirini wa dola 25 ni dola 500, na hakuna anayehitaji kunyanyua namba mbele ya watu.

Mnada ukiisha kuna barua ya shukrani. Maonyesho mengi hayatoi hundi mpaka barua hiyo ifike ofisini, bahasha imeandikwa anwani na stempu imebandikwa. Hundi yenyewe huchukua wiki nne hadi nane.

## Kwa nini harudi nyumbani

Sasa turudi kwenye kanuni iliyomchukua Cedar. Maonyesho ya aina hii yana sharti kwamba mnyama anayeingia kwenye mnada anatoka kwenda machinjioni tu. Harudi bandani kwake, hata mwenyewe akitaka kumnunua.

Nilianza nikiiona kanuni hiyo kuwa ukaidi mtupu. Kilichonibadilisha kidogo ni nguruwe.

Nguruwe kutoka mabanda hamsini wanapolala pua kwa pua siku tano, wanabadilishana mafua. Mwaka 2012 aina ya virusi vya mafua ya nguruwe iliwapata zaidi ya watu 300 Marekani, wengi wao watoto, na wengi walikuwa wamekaa karibu na nguruwe kwenye maonyesho. Baada ya hapo wataalamu wakashauri nguruwe wasikae maonyeshoni zaidi ya saa 72. Kuwapeleka wote machinjioni moja kwa moja ni sehemu ya mantiki hiyo: kirusi kilichopatikana Jumatano hakirudi shambani Jumapili. Kuna na haki ya mnunuzi, kwamba alichonunua hakitatoroshwa usiku.

Hoja hizo ni nzito kwa nguruwe mia mbili. Kwa mbuzi mmoja ambaye mnunuzi wake ameshakubali aachwe, zinakuwa nyepesi sana. Kinachobaki ni hofu ya waandaaji kwamba wakimwachia mmoja, mwakani watalia wote. Naielewa hofu hiyo, na bado sioni inahalalisha vipi hati ya upekuzi. Aliyeingia mkataba ni mtoto mdogo. Mawakili wa familia walishikilia hapohapo: sheria ya California humruhusu mtoto kujitoa kwenye mikataba mingi aliyoingia.

Watetezi husema kifo ndicho somo. Mtoto ajue nyama inatoka wapi. Sina ugomvi na hilo. Mtoto wa Kongwa au wa Kajiado hulijua kabla hajaanza shule. Lakini huyo wa Kajiado humwona baba yake akiamua yupi achinjwe, na mara nyingine baba hubadili mawazo. Huyu wa California alionyeshwa kwamba uamuzi ulipitishwa miezi kadhaa nyuma, kwenye fomu.

## Kwa anayetaka kununua

Mswahili anayekwenda mnadani kutafuta mbuzi wa sikukuu aulize kabla ya kunyanyua namba. Mara nyingi hataruhusiwa kuondoka na mnyama hai. Atapewa orodha ya machinjio, na si yote yanachinja halali wala yanakubali mchinjaji wa kwako. Mengine hurudisha nyama yenye muhuri wa "si ya kuuza", ambayo ni ya kuliwa na familia tu, hivyo mgahawani haiingii.

Mbuzi wa kilo 40 anatoa nyama ya kutundikwa kilo 20 hivi. Kwa dola 902 ni dola 45 kwa kilo, kabla ya gharama ya kukata na kufunga.

Na kwenye fomu ya ukataji andika kichwa, miguu, maini na utumbo. Usipoandika vinatupwa. Utumbo wengi hawausafishi, uliza mapema.

## Kabla ya kutia sahihi

Kila mnyama ana tarehe yake ya kusajiliwa. Maksai wa kiangazi huvishwa hereni na kupimwa majira ya baridi, nguruwe na mbuzi katika masika, na sehemu nyingine wananyofoa nywele za vinasaba ili mnyama asibadilishwe. Mazungumzo na mtoto yafanyike kabla ya tarehe hiyo. Asomewe kipengele cha machinjio kwa lugha anayoielewa, kisha aulizwe tena wiki ifuatayo.

Akisita, zipo njia nyingine ndani ya klabu ileile. Mbuzi wa maziwa, kondoo jike wa kuzalisha na mitamba huonyeshwa, huamuliwa, hupata utepe na kurudi nyumbani jioni. Hundi ya mnada haipo, ila mwaka wa pili unaweza kuuza vitoto, na kwa mtoto wa miaka minane au tisa ningeanzia hapo bila kufikiri mara mbili.

Kenya ilizifufua klabu za kilimo za 4-K mashuleni mwaka 2021, nazo ni ndugu za 4-H; zikitaka kuiga kitu cha Kimarekani, ziige kwa kuchagua. Mimi ningechukua daftari la mradi: kilo za chakula, tarehe za chanjo, uzito kila wiki mbili, shilingi zilizoingia na zilizotoka. Mnada ningeuchukua kwa sharti kwamba bei ya soko la kawaida wiki hiyo, kama lile la Kiamaiko au Dagoretti jijini Nairobi, isomwe kwa sauti kabla dalali hajaanza, na kwamba mwenye mnyama anaweza kusema hapana mpaka nyundo inapogonga. Anayejitoa alipe ada ya waandaaji, asilimia 7 kama ni lazima.